Parafujo

Jumapili, Kibuye. Jua halijagusa mabati
na nyundo zimeshaamka.
Napita kwa wagonga masanduku, kwa wauza viatu vya mtumba,
mkono mmoja redio ya mama, imefungwa kwa leso,
mkono mwingine birika la stima
nililolinunua Mei likafa Agosti,
kibandiko chake kingali kinang'aa.

Ochola alishapiga simu kutoka Doha:
"Tupeni hilo dude. Natuma hela, mnunue jipya."
Akatuma. Mama akanunua mbolea,
mbolea ikawa mahindi, mahindi tukala,
redio ikabaki bubu juu ya kabati
na kitambaa chake cha kufuma.
Ila saa ya matangazo ya vifo ikifika
mama huvuta kigoda, huketi mbele yake vilevile.
"Nisipojua nani amekufa,
nitaendelea kutuma salamu kwa maiti."

Obilo hana kibao cha jina.
Ana meza, mwavuli uliochanika,
na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa vyuma vidogo vidogo.
Anaitikisa redio karibu na sikio
kama mnunuzi wa mayai.
Parafujo nne. Zinalia, kisha zinakubali.

Ndani: vumbi la miaka thelathini,
mende mkavu,
kijiti cha kiberiti kilichoshikilia kitu kisianguke,
na matone ya lehemu, ya kijivu, yamepangana.
Obilo anatulia. Anapangusa kwa kidole.
"Huu mkono wa Rading'," asema.
"Ndiye aliyenifundisha. Alimalizia hivi kila mara,
na kamkia, kama mkato."
Rading' amelala Seme, mwaka wa kumi na moja huu.
Sentensi yake
haijafika nukta.

Sisemi kila kikuukuu ni chema.
Tulikuwa na jiko la mafuta lililotengenezwa mara nne;
mara ya tano lilimlipukia Akeyo, dada yangu,
na mpaka leo anavaa mikono mirefu hata kanisani Februari.
Lile tulilitupa. Tulilitupa chooni
ili asije mtu akaliokota akalihurumia.

Zamu ya birika.
Obilo analigeuza. Kitako. Shingo. Mpini.
Anavaa miwani, anatafuta tena,
anavua miwani.
"Mwalimu, hili halina parafujo."
Anasema taratibu, kama anayeulizia jina
la mtoto asiyepewa jina.
"Waliunda, wakapaka gundi, wakaenda zao.
Nikilifungua nimelivunja.
Hapa mimi si fundi tena, ni mchinjaji."

Nikasimama pale na risiti mfukoni,
risiti yenyewe imeshafutika maandishi.
Niliuliza swali la kijinga: "Sasa?"

Hakujibu. Waya wa redio
ulikuwa umetafunwa na panya karibu na kichwa.
Akautazama ule, akautazama wa birika,
mweusi, mnene, wa miezi mitatu.
Kisu kikapita mara moja tu.
Akaunguza ncha, akachovya lehemu,
na alipoinua mkono
niliona kamkia.

"Mia mbili na hamsini," akasema. "Birika niachie."
Chini ya meza yake yalikuwako mengine tisa,
yote mapya.

Jioni, Kombewa. Mtangazaji anasoma majina,
mkwe wa fulani, babake fulani,
mazishi Ijumaa, msafara utaondoka Russia, hospitalini, saa mbili.
Sauti safi, haina mchanga.
Mama akainuka kwenye kigoda,
akaipiga kofi la ubavu, lile la siku zote.

"Mama, imepona!"

"Najua," akasema,
akaipiga la pili.